Padre Mpelelezi na Siku ya Mtakatifu Stefano



Ndugu wapendwa, bado tumo katika Oktava ya Noeli, siku nane ambazo Mama Kanisa huziadhimisha kana kwamba ni siku moja ndefu. Huku Milola mvua za kwanza zimekwisha kunyesha, maembe yanaanguka yenyewe, na wengi wenu mmetoka katika msimu wa korosho mkiwa na chochote mfukoni, au mkiwa na deni. Ni majira ya wageni. Wageni huja na zawadi, na siku hizi zawadi nyingine huja ndani ya kitu kisichozidi ukubwa wa kidole, nacho huitwa flashi.

Ndivyo vijana wetu wa kwaya walivyoipata tamthilia ninayotaka kuitafakari pamoja nanyi juma hili. Waliniita niitazame pamoja nao jioni moja baada ya mazoezi, kompyuta ikiwa juu ya meza ya mafundisho na umeme ukitoka kwenye betri ya sola. Sababu yao ya kuniita ilikuwa moja tu: mpelelezi mwenyewe ni padre.

Jina lake ni Padre Brown. Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa na BBC ya Uingereza mwezi Januari 2013, na anayeigiza nafasi ya padre ni Mark Williams. Mambo yote hutokea katika miaka ya 1950, katika kijiji cha kubuni kiitwacho Kembleford. Kanisa tunaloliona katika picha lipo kweli, katika kijiji cha Blockley huko Gloucestershire, ingawa kwa kweli ni kanisa la ndugu zetu Waanglikana. Padre huyo huvaa kanzu nyeusi, hubeba mwavuli hata siku ya jua, na huenda kila mahali kwa baiskeli. Katibu wake wa parokia, Bi McCarthy, hujivunia skonzi zake za stroberi kuliko wengine wanavyojivunia mashamba. Kila sehemu huanza na amani ya kijiji, kisha mtu anauawa au mali inapotea, polisi wanamkamata asiyehusika, na padre anaufichua ukweli kabla saa moja haijatimia. Kijana mmoja wa sauti ya pili aliniuliza kwa heshima zote: “Sasa Baba, huyu Misa anasoma saa ngapi?” Sikuwa na jibu.

Iko sehemu yake ya Noeli, iliyoonyeshwa Desemba 2016 kwa jina la “The Star of Jacob”, yaani Nyota ya Yakobo, jina linalotukumbusha utabiri wa Balaamu katika Kitabu cha Hesabu sura ya 24. Kijiji kinajiandaa kwa sikukuu, na mtoto mchanga anatoweka. Mnaona wenyewe jinsi watunzi walivyofikiri. Noeli ni sikukuu ya mtoto aliyekuja. Wao wakatunga kisa cha mtoto aliyeondolewa. Ni sikukuu ya wachungaji waliokwenda kumtafuta mtoto wakamwona. Wao wakakifanya kijiji kizima kiwe kinatafuta.

Je, kwa nini watu hupenda hadithi za wizi na mauaji katika sikukuu ya amani? Nadhani ni kwa sababu katika hadithi za namna hiyo uovu una mpaka. Kuna siri, lakini siri ina ufunguo. Kuna mwongo, lakini uongo wake una mwisho. Mtu aliyechoka na mwaka mzima wa mambo yasiyo na majibu anafarijika kuona, hata kwa saa moja, kila jambo likirudishwa mahali pake.

Sisi Waswahili hatukungoja Wazungu watuletee faraja hiyo kwenye flashi. Marehemu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikwisha kutupatia Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilipata ushindi katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 hadi 1958 na kikachapishwa mwaka 1960. Mle mtu anakutwa amekufa kwenye mzimu, na hofu ya mizimu inawafunga watu wasione vizuri. Bwana Msa hatishwi na mzimu. Anauliza nani alikuwa wapi, lini, na kwa sababu gani. Naomba mlikumbuke jambo hilo, kwa maana nitalirudia: kazi ya kwanza ya mpelelezi mwema ni kukataa jibu la haraka linaloletwa na hofu.

Sasa, Padre Brown hakuzaliwa na televisheni. Alitungwa na mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton, na kitabu cha kwanza cha visa vyake kilitoka mwaka 1911, miaka 11 kabla Chesterton mwenyewe hajapokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1922. Alimtunga kwa kumtazama rafiki yake, Padre John O'Connor, aliyefanya utume huko Yorkshire. Chesterton alisimulia kwamba siku moja katika mazungumzo padre huyo alimshangaza kwa kujua mambo mengi ya uovu wa wanadamu. Muda mfupi baadaye akawasikia vijana wawili wa chuo kikuu cha Cambridge wakisema kwamba mapadre hufungiwa ndani na hawaijui dunia. Alikaribia kucheka. Kutokana na kichekesho hicho akampata mpelelezi wake: mtu anayeonekana mjinga wa mambo, kumbe masikio yake yamesikia mengi kuliko ya polisi.

Katika kitabu hicho cha 1911 kimo kisa kimoja cha Noeli, nacho ndicho kilichonifanya niandike. Kinaitwa “The Flying Stars”, Nyota Zirukazo. Tajiri mmoja anafika kwenye nyumba ya rafiki yake akiwa na zawadi ya Noeli kwa binti wa nyumba hiyo, ambaye alimsimamia ubatizo. Zawadi yenyewe ni almasi tatu kubwa kutoka Afrika, zilizopewa jina hilo la nyota zirukazo kwa kuwa zimeibwa mara nyingi. Msomaji wa Kiafrika hawezi kulipita neno hilo bila kusimama kidogo. Hadithi inajishughulisha sana na nani ataziiba almasi hizo Uingereza, lakini haiulizi ni mikono ya nani iliyozichimba, wala ililipwa nini. Basi tuendelee.

Jioni ile familia inaamua kucheza mchezo wa kuchekesha, wa mavazi ya rangi rangi na vitu vinavyometameta. Mwizi mashuhuri, Flambeau, amo humo nyumbani akijifanya mjomba aliyetoka Kanada. Anaziiba almasi na kuzificha mbele ya macho ya wote, juu ya vazi lake la mchezo, katikati ya mapambo ya bandia. Askari wa kweli anapofika kumkamata, watazamaji wanadhani ni mchezaji mwingine, wanacheka huku askari huyo akiangushwa na kuleweshwa dawa jukwaani. Almasi zinapogundulika kuwa hazipo, shaka inamwangukia nani? Inamwangukia kijana jirani, mwandishi wa magazeti, asiye na mali, mwenye maneno makali dhidi ya matajiri, ambaye isitoshe anampenda yule binti. Hakuna aliyemwona akiiba. Lakini alikuwa tayari hapendwi na tajiri, na hiyo ikatosha kuwa ushahidi.

Padre Brown anafanya mambo mawili. La kwanza, anashauri kila mtu ageuze mifuko yake, na anaanza na mifuko yake mwenyewe. Vinatoka sarafu chache, tiketi ya kurudia, msalaba mdogo wa fedha, breviari ndogo na kipande cha chokoleti. La pili, anakwenda bustanini usiku, anasimama chini ya mti ambao Flambeau ameupanda ili atoroke, na kuzungumza naye. Hapigi kelele za mwizi. Anamwambia kwamba njia aliyoishika ni mteremko usio na mahali pa kupumzikia, na kwamba wakati huo huo kijana asiye na kosa ameanza kubeba lawama yake. Kimya kinapita. Kisha almasi zinadondoka kutoka juu ya mti. Padre anazirudisha ndani kama mtu aliyeziokota tu. Mwizi anakwenda zake, na huo unakuwa wizi wake wa mwisho. Katika visa vya baadaye tunamkuta Flambeau akiwa rafiki wa padre na msaidizi wa haki.

Nilipowasimulia vijana kisa hicho, mmoja alisema: “Baba, angepanda mkorosho wa huku kwetu asingeshuka mzima.” Walicheka wote. Baadaye kidogo kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu kila mmoja wetu alijua kwamba si mzaha. Tumesoma mara ngapi katika magazeti yetu juu ya “wananchi wenye hasira kali”? Maneno hayo yamezoeleka hata hayatushtui tena.

Chesterton alikiweka kisa hicho katika siku ya pili ya Noeli, tarehe 26 Desemba. Serikali huiita siku ya kupeana zawadi. Kanisa huiita sikukuu ya Mtakatifu Stefano, shemasi na shahidi wa kwanza. Je, Stefano alikufaje? Someni Matendo ya Mitume, sura ya 6 na ya 7. Walitafutwa mashahidi wa uongo. Watu wakachochewa. Walipozidiwa na hasira waliziba masikio yao, wakamkimbilia kwa pamoja, wakamtoa nje ya mji, wakampiga kwa mawe. Yaani siku moja tu baada ya kumwimbia Mtoto wa Bethlehemu, Kanisa linatuwekea mbele yetu mtu asiye na kosa aliyeuawa na wananchi wenye hasira kali. Na pembeni yupo kijana aitwaye Sauli, anayelinda mavazi ya wapiga mawe. Stefano anawaombea wauaji wake msamaha, na Sauli anakuwa Paulo. Ingalikuwa ni kesi ya kijiji, sisi tungalikwisha kumpiga mawe Sauli pia, na Kanisa lingalikosa Mtume wa Mataifa.

Nawaletea sasa jambo la hapa kwetu. Baadhi yenu mnalikumbuka, na sitamtaja mtu. Mwaka mmoja, katika juma la tatu la Majilio, fedha za jumuiya moja zilipotea. Zilikuwa shilingi 186,000, michango ya sikukuu: mchele, mafuta, na nyama ya kuwapikia watu wote pamoja na majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika mkoa huu wa Lindi, nao hutukaribisha kwao siku za Idi bila kuhesabu vichwa. Mama mtunza fedha alikuwa ameziweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo lilikuwepo, fedha hazikuwepo.

Kabla ya jioni jina lilikuwa limepatikana. Alikuwa kijana aliyerudi kutoka mjini Lindi baada ya kibarua chake kwisha. Siku mbili kabla alikuwa ameingia katika nyumba ile kusaidia kubadilisha makuti. Hakuwa mtu wa maneno mengi, hakuwa na shamba, na alikuwa amenunua viatu. Viatu hivyo vikawa ushahidi. Wengine walisema apelekwe kwa mganga akapigiwe ramli, ingawa kila mtu anajua kwamba ramli chonganishi ilipigwa marufuku na Serikali mwaka 2015 kwa sababu ya damu iliyokwisha kumwagika. Wengine hawakutaka hata ramli. Walitaka kumbana tu, walivyosema, na sote tunajua kubana huko huishia wapi.

Aliyeusimamisha moto ule hakuwa padre. Alikuwa yule yule mama mtunza fedha. Katika mkutano wa jumuiya alisimama, akafungua pindo la kanga yake mbele ya watu wote, akaonyesha kilichomo: shilingi 1,500 na rozari. Akasema: “Fedha zilikuwa mkononi mwangu. Mkitaka kumpekua mtu, anzeni hapa.” Mama huyo hakuwahi kusikia habari za Padre Brown. Watu walitazama chini. Usiku ule hakuna aliyekwenda kumtoa kijana nyumbani kwao.

Dominika iliyofuata nilisema machache wakati wa matangazo. Nilisema kwamba kapu la matoleo halina macho, na kwamba njia ya kurudisha kitu haifungwi kabla ya mtu kufa. Siku ya Noeli, katikati ya mahindi, mayai na korosho zilizoletwa altareni, palikuwa na mfuko mdogo wa nailoni wenye shilingi 166,000. Zilipungua elfu ishirini. Katika juma la pili la Januari, elfu ishirini nazo zikaja, kwa njia ile ile.

Wengi waliniuliza: “Baba, wewe si unamjua?” Hapo padre wa kweli anaachana na padre wa tamthilia. Padre wa televisheni huwakusanya watu sebuleni na kutaja jina. Padre wa kweli hafanyi hivyo. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa yasema kwamba siri ya sakramenti ya Kitubio haivunjwi kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote, na kanuni ya 984 inamkataza muungamishi kuyatumia aliyoyasikia kwa kumdhuru aliyeungama. Ndiyo maana katika maswali ya namna hii padre hasemi “ninajua” na pia hasemi “sijui”. Akisema “sijui” leo, kesho akinyamaza mtatambua kwamba anajua. Kwa hiyo hunyamaza siku zote, hata pale asipokuwa na chochote cha kuficha. Msiufasiri ukimya wake. Ni ukuta uliojengwa kwa ajili yenu nyote, ili siku yoyote mkosefu yeyote apate mlango.

Lakini, ndugu zangu, jambo halikwisha. Katika kisa cha Chesterton almasi zinarudi, na usiku ule ule nyumba nzima inashangilia, na yule kijana jirani jina lake linakuwa safi. Kwetu fedha zilirudi, jina halikurudi. Kijana alikuwa ameondoka Milola siku tatu kabla ya Noeli, amebeba mfuko mmoja, bila kuaga. Hakuna aliyempiga. Walimtazama tu, na dukani wakaacha kumwitikia salamu. Sikukuu ilipikwa, pilau ilikuwa nyingi, na mama yake alikula kidogo sana.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inatufundisha kwamba aliyeiba anapaswa kurudisha. Jambo hilo tunalijua wote, na mwizi wetu alilitimiza hadi elfu ya mwisho. Lakini namba 2477 inazungumzia pia hukumu ya haraka na kusingizia, na namba 2487 inasema kwamba aliyeharibu jina la mwenzake anapaswa kulitengeneza, hata kama amekwisha kusamehewa. Basi hesabu ya Noeli ile ilikuwa hivi: mwizi mmoja alidaiwa shilingi 186,000 naye akalipa zote. Jumuiya ya watu arobaini na zaidi ilidaiwa jina la mtu, na ilikuwa haijalipa hata senti.

Ililipa baadaye. Mwishoni mwa Januari mama mtunza fedha na wazee wawili walikwenda Lindi, mmoja wao akiwa jirani yetu Mwislamu aliyesema kwamba yeye pia aliacha kumwitikia kijana salamu. Walimkuta akipakua samaki. Walimwomba radhi palipo na watu, kwa sababu walimchafua palipo na watu. Aliwasikiliza, akawapa samaki wawili wampelekee mama yake. Hakurudi kuishi hapa. Huja kusalimia, na akija huitikiwa.

Wapendwa, itazameni tamthilia hiyo na watoto wenu, ni burudani safi. Lakini mjifunze kutofautisha maswali mawili. Mpelelezi wa kawaida huuliza: nani kafanya? Swali hilo ni halali, na polisi na mahakama wana wajibu wa kuliuliza kwa utaratibu. Mkristo analo swali la pili: nitafanyaje ili asiye na kosa asiumie, na mwenye kosa aweze kushuka mtini akiwa hai? Anayeuliza la kwanza peke yake anaweza kupata fedha. Anayeuliza yote mawili anaweza kumpata ndugu.

Kwa hiyo juma hili nawapeni zoezi. Kila mmoja amkumbuke mtu ambaye jina lake lilichafuka naye akachangia, hata kwa kunyamaza tu au kwa kucheka. Kabla ya Epifania amwendee, au ampigie simu, na akamsafishe mbele ya wale wale waliosikia. Na siku kitu kitakapopotea tena, maana kitapotea, kila mmoja ageuze kwanza mifuko yake mwenyewe.

Mtakatifu Stefano, utuombee. Nawatakieni nyote mwisho mwema wa mwaka, pamoja na wale wasiokuwepo mezani.

Wenu katika Kristo,
Paroko